Jiwe la Liwa

Alhamisi ile, saa sita kasorobo, nilifunua gunia chini ya ngazi ya ua wetu nikakuta sakafu. Jiwe halikuwapo. Palibaki alama ya unyevu na jongoo mmoja aliyejikunja.

Nilitafuta nyuma ya pipa la maji, chini ya meza ya kufulia, juu darini, hata ndani ya jiko la mkaa lililoharibika. Mawe yangu mengine yote yalikuwa mahali pake: matumbawe, kome waliogeuka jiwe, kipande cha mti chenye pete zake. Lililokosekana ni moja tu.

Saa tisa angefika Daktari Nanjala, mtaalamu wa makumbusho, aliyetoka Nairobi kwa ajili ya jiwe hilo peke yake. Ijumaa asubuhi angeondoka nalo. Jumatatu tingatinga la mkandarasi wa barabara lingeingia katika timbo la mawe la kwetu, bara ya Mariakani, na mwamba wote wa pale ungesagwa kuwa kokoto. Jiwe likifika makumbusho likapewa namba, daktari angeweza kuandika barua ya kusimamisha kazi. Bila jiwe hakuna namba, na bila namba hakuna barua. Picha ya simu haitoshi. Alinieleza hivyo mara mbili, polepole, nami nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza.

Jiwe hilo nililetewa na Fondo, mtoto wa marehemu dada yetu. Fondo hupasua mawe ya bapa, yale ambayo watu hutandikia njia za nyumba zao. Huweka tindo kwenye mstari wa jiwe, hugonga kidogo kidogo kulizunguka, mpaka jiwe lifunguke kama kitabu. Siku moja lilifunguka likiwa na samaki ndani. Fondo hakulitia kwenye lori. Alilifunga kwa shati lake, akaja nalo mpaka Mji wa Kale, akaliweka mapajani mwangu.

"Mjomba, wewe ndiye msomaji," akasema. "Huyu alifikaje kule juu kwetu?"

Samaki alikuwa na urefu wa kutoka kifundo cha mkono wangu hadi kiwiko. Magamba yake yalipangwa kwa mistari ya mshazari, kila gamba limekatwa kama kashata, na ukipitisha kidole yalikwaruza. Kichwa kilikuwa kamili. Tundu la jicho lilikuwapo, na mifupa ya shavu, na kinywa kilichoachama, na ndani ya taya meno membamba kama ncha za sindano. Alikuwa na umri wa miaka milioni mia mbili na hamsini, au zaidi. Daktari alipoiona picha alinipigia simu saa hiyo hiyo. "Mikia tunayo, mzee," alisema. "Magamba tunayo, kabati zima. Kichwa kama hiki kutoka kwenu hatuna. Kichwa ndicho kitakachotuambia huyu ni nani."

Mimi nilikuwa karani wa mizani gatini Mbaraki kwa miaka thelathini na minne. Niliingia kazini na elimu ya darasa la nne. Iliyobaki niliipata katika masomo ya jioni, kwa Mwalimu Gunga, aliyetufundisha watu wazima tukiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Ndiye aliyetuchorea ubaoni samaki wa kwanza, wale wasiokuwa na taya, waliofyonza matope tu. Kisha akachora mifupa iliyoshikilia mashavu yao ya kuvutia pumzi, jinsi ile ya mbele ilivyojikunja kizazi baada ya kizazi ikawa taya. Halafu akagusa sikio lake. Ndani humu, alisema, mna vimifupa vitatu, vidogo kuliko punje za mchele. Zamani sana viwili vilikuwa bawaba ya taya la samaki, na cha tatu kilikuwa kiegemeo chake. Ndivyo unavyonisikilizia sasa. Nilitembea kwa miguu kutoka darasani Makupa mpaka nyumbani nikiwa nimejishika masikio.

Kwa hiyo nilipolipata jiwe niliwaeleza watu jinsi taya na masikio yetu yalivyotoka kwa samaki, jiwe lenyewe bila kulitaja. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, pale barazani kwa Jaffar muuza kahawa. Jaffar alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kikombe, akasema, "Mzee Mung'aro, mimi babu yangu alitoka Hadharamauti kwa chombo. Hakuogelea." Walicheka wote. Kwa wiki nzima nilipopita mtu aliniuliza kama leo nimekula ami yangu wa kupaka au wa kukaanga. Dada yangu Mejumaa, mjane ninayeishi naye, alihadithiwa na majirani akacheka mpaka akaketi chini.

Tangu hapo sikusema tena. Nililigeuza jiwe, samaki akaangalia chini, nikalifunika gunia. Mejumaa aliponiuliza ni la nini nilimwambia ni la kukanyagia nikinawa miguu. Hata juu ya kuja kwa daktari nilimwambia tu kuwa nina mgeni, apike kitu.

Alirudi kutoka Marikiti saa saba kasoro, kikapu begani.

"Mejumaa, lile jiwe chini ya ngazi liko wapi?"

"Lipi? Mawe ya nyumba hii yangetosha kujengea msikiti."

"La ndani ya gunia."

"La kukanyagia? Nimewapa kina Bi Afaf. Jiwe lao la liwa limepasuka na binti yao Jana aolewa Jumamosi. Walikuja juzi kuuliza kama tuna jiwe bapa, lenye kukwaruza kidogo." Akashusha kikapu. "Kwani lina nini?"

Mtu akiombwa kitu cha harusi na jirani, Mji wa Kale, hatoi sababu za kunyima. Mejumaa alifanya kama mama yetu angefanya. Na mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimemwambia kuwa jiwe ni la miguu.

"Halina kitu," nikasema, nikatoka.

Liwa hutengenezwa kwa kipande cha msandali. Wanawake hukisugua juu ya jiwe kwa marashi ya waridi, duara baada ya duara, mpaka kitoe uji mzito wa manjano ambao bibi harusi hupakwa mwili mzima. Msandali ni mti mgumu, na jiwe lenye makali ya kuumenya nalo huisha. Jiwe la liwa la mama yetu lilikuwa na bonde katikati kama sahani.

Nyumba ya Bwana Ghassan, mumewe Bi Afaf, iko mlango wa nne kutoka kwetu. Yeye alikuwa amewaachia wanawake nyumba tangu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi nusu, pazia limeteremshwa. Nilipiga hodi. Akaja Bi Afaf, mamake Jana, akasimama nyuma ya pazia.

"Masalkheri, Mzee Mung'aro. Leo humu haingii hata jogoo."

"Najua, Bi Afaf. Nimefuata jiwe langu."

Ndani wakacheka. Mmoja mwenye sauti nzito akasema, "Mwambie kama naye aolewa aje tumpake."

"Mpakeni magoti kwanza, yatalainika," akasema mwingine.

"Usiwasikilize hao," Bi Afaf akasema, na yeye mwenyewe sauti yake ina kicheko. "Jiwe lako halina mfano, mzee wangu. Tumebakisha mgongo na miguu. Tukimaliza tutaliosha tukuletee, na halua juu yake."

"Nilikuwa nalitaka sasa."

"Kuna jambo?"

Hapo ndipo nilipousikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Mtu alikuwa ameketi karibu na ukuta, hatua tano kutoka niliposimama, na mkono wake haukupumzika. Nikakumbuka vile vimifupa vya Mwalimu Gunga. Taya la samaki lilikuwa ndani ya kichwa changu likisikiliza taya la samaki likisagwa.

Neno lilikuwa mdomoni. Mna samaki ndani ya jiwe hilo. Maneno sita tu. Lakini nyuma ya pazia walikuwa wanawake kumi na tano ambao waume zao hunywa kahawa kwa Jaffar, na nilikisia kicheko kitakavyokuwa, na jinsi kitakavyosimuliwa Jumamosi kwenye sinia za pilau. Nikajiambia kuwa wanasugulia mgongo wa jiwe, kwa kuwa nililiacha limelala kifudifudi. Nikajiambia kuwa nitampigia Ghassan, mwanamume mwenzangu, aagize litolewe bila maelezo.

"Hakuna jambo," nikasema. "Endeleeni."

Nilikwenda kuketi barazani. Simu ya Ghassan ilikuwa imezimwa. Nilipiga mara kumi na moja. Jaffar aliniwekea kahawa akauliza kama nimefiwa, nikamwambia hapana. Nilitazama saa ya simu, na kila nilipoitazama nilikuwa na sababu mpya ya kubaki nimeketi. Labda wamemaliza. Labda daktari atachelewa. Ghassan akiwasha simu ataona nimempigia. Mtu wa miaka sabini na mbili anaweza kujidanganya kwa ufasaha, hasa akiwa amesoma.

Saa nane na dakika kumi simu ililia. Hakuwa Ghassan.

"Mzee, shikamoo. Nanjala hapa. Nimefika mapema, niko barabara ya Mama Ngina, natafuta tuktuk. Nusu saa nitakuwa kwako."

Niliinuka nikakanyaga kikombe cha kahawa. Nyumbani Mejumaa alikuwa akikuna nazi. Nilisimama mlangoni mwa jiko, na naona aliona jambo usoni mwangu, maana mbuzi ya nazi aliiacha.

"Mejumaa, mna samaki ndani ya lile jiwe. Kisukuku. Samaki wa zamani, kabla ya watu, kabla ya mnyama yeyote mwenye manyoya. Mgeni anayekuja amemfuata yeye. Asipompata, Jumatatu wanasaga timbo zima."

Hakucheka. "Timbo la kina Fondo?"

"Hilo."

"Na mimi nilikuuliza. Nimekuuliza hapa hapa, saa ile, nikakwambia kwani lina nini."

"Ulinicheka, mwanzo."

"Mimi nacheka kila kitu, kaka. Nilicheka kwenye matanga ya mume wangu, wewe ukiwa umekaa karibu yangu." Alikuwa tayari amejitupia buibui. "Mimi ni mwanamke. Pazia lile halinihusu. Ungeniambia saa saba ningeingia nikalitoa."

Nilimfuata mpaka mlango wa nne nikabaki nje. Kwaru, kwaru bado iliendelea. Nikasikia sauti ya Mejumaa, ya chini, ya haraka. Kisha ile kwaru ikakoma.

Alitoka amelikumbatia jiwe kwa leso. Lilikuwa limelowa na linanukia waridi. Nikaifunua leso pale pale barabarani.

Palipokuwa na mkia palikuwa laini. Palipokuwa na kichwa palikuwa laini pia, na pana weupe mbichi, na uji wa manjano umeingia katika vijishimo. Katikati zilibaki safu sita za magamba.

Bi Afaf alitoka nyuma ya dada yangu, mikono ya manjano mpaka viwikoni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Siku mbili tulisugulia upande ule mwingine," akasema. "Leo asubuhi somo, mwenye kumfunda Jana, akaligeuza, akaona huku kuna makali zaidi. Tukaanza chini, kwenye mkia. Mtoto mmoja akasema, tazameni, kama samaki. Tukadhani ni urembo wa jiwe tu." Akafuta jicho kwa bega. "Ulipokuja hodi tulikuwa bado mkiani, mzee wangu. Tumehamia huku juu ulipokwisha kuondoka."

Sikuwa na hasira naye. Nilitamani kuwa nayo.

Daktari Nanjala alikuta jiwe juu ya meza yetu, juu ya taulo safi. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko sauti yake ya simu, na viatu vyake vilikuwa vya mtu anayekwenda porini. Alitoa kioo cha kukuzia, akainama, akaanza kutoka mkiani. Alipofika mbele alikaa muda mrefu. Akalinusa.

"Msandali," akasema.

Nikamweleza yote, pamoja na ile saa niliyokaa barazani. Sikumficha hiyo.

"Naweza kulipatia namba," akasema mwishowe. "Lakini nitaandika ninachokiona. Samaki, kiwiliwili, safu sita za magamba, kichwa hakipo. Wa namna hiyo tunao tayari. Hawatasimamisha barabara kwa ajili yake."

"Picha unayo. Kichwa umekiona."

"Nimeona picha."

"Andika kuwa kilikuwapo," nikasema. "Andika kuwa kimevunjika njiani. Nani atajua?"

Aliniangalia, na Mejumaa aliniangalia. Tangu niingie gatini sikuwahi kuandika uzito usio wa mzigo, wala kumwomba mtu aandike. Sasa nilikuwa nimeushika mkono wa mtoto wa watu juu ya meza, nao ulikuwa unanukia liwa kama wangu. "Nakuomba, mwanangu. Nakuomba sana."

"Siwezi, mzee," akasema. Hakuutoa mkono wake. "Nikiandika nisichokiona, mtu mwingine atatumia barua hiyo kubomoa kila nilichoandika kabla. Lakini jiwe hufunguka pande mbili. Upande wa pili wa huyu uko wapi?"

Nilimpigia Fondo. Upande wa pili ulikuwa umekwenda na lori, miezi saba iliyopita, na alikuwa hajui ni njia ya nyumba ya nani inayoukanyaga.

"Basi nileteeni kichwa kingine," daktari akasema. "Kabla ya Jumatatu. Nitabaki huku Mombasa na simu mkononi usiku na mchana, na nikikiona kwa macho nitaandika hapo hapo." Akaandika namba yake upya kwenye karatasi, kana kwamba sikuwa nayo.

Tulifika timboni Ijumaa, Fondo, Mejumaa na mimi. Fondo alipasua, mimi nikatazama, Mejumaa akapanga yaliyokwisha tazamwa ili tusiyarudie. Jumamosi, saa ambayo Jana alikuwa akitolewa ukumbini, Mejumaa alishika tindo ya pili mwenyewe. Tulipata magamba, pezi moja, nusu ya mkia mzuri sana, na mavi ya samaki yaliyogeuka jiwe, ambayo siku nyingine yangenifurahisha mwezi mzima. Jumapili jioni viganja vya Fondo vilikuwa vimepasuka na tulikuwa tumefungua mawe zaidi ya mia mbili. Hakuna kichwa.

Jumatatu tingatinga lilikuja saa moja na nusu. Dereva wake, kijana aliyeitwa Lewis, alilisimamisha mbele yetu bila kuzima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Wazee, ondokeni hapo. Mnatafuta nini?"

Mejumaa akanitazama. Fondo akanitazama.

"Kichwa cha samaki," nikasema.

Lewis akacheka. Alicheka vizuri, kwa nafasi, akapiga usukani. "Samaki yuko Mombasa, mzee. Huku kuna mbuzi."

Nilimwacha amalize. Nikaukaribia mlango wa tingatinga, nikapaza sauti juu ya injini. "Weka kidole hapa, mbele ya sikio. Sasa fungua kinywa. Funga. Fungua."

Sijui kwa nini alitii. Labda kwa sababu ya mvi zangu.

"Unasikia kitu kinachotembea?"

"Nasikia. Ni taya."

"Hilo taya lilianzia kwa samaki. Na ndani kidogo ya hapo, mahali usipofikia kwa kidole, mna vimifupa vilivyokuwa bawaba ya taya lake. Ndivyo unavyonisikilizia. Samaki mwenye taya hilo, kichwa kizima, yumo katika mwamba huu unaotaka kuusaga. Nilikuwa naye mkononi. Nimempoteza kwa kuona haya kumtaja mbele za watu."

Lewis alibaki na kidole pale pale, akifungua na kufunga kinywa. Kisha akatazama barabarani alikotarajia kuja msimamizi wake.

"Sijanywa chai," akasema. Akazima injini. "Nusu saa. Akifika mimi naanza, mzee, sina la kufanya."

Alishuka na chupa yake ya chai, akaketi juu ya mnyororo wa tingatinga. Baada ya kidogo aliiweka chini, akaja kumsaidia Mejumaa kunyanyua bamba kubwa ambalo tulikuwa tumeliruka kwa uzito wake. Fondo aliweka tindo kwenye mstari, akagonga, akazunguka, akagonga. Kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa nilisikia kila pigo, na nikasikia mlio wa jiwe ukibadilika kabla halijafunguka.

Lilifunguka. Lilikuwa tupu.

Mbali, kwenye kona ya barabara, vumbi la gari la msimamizi lilianza kuinuka. Mejumaa alisukuma pembeni kwa mguu vipande vya lile bamba, akamsogezea Fondo jingine.